Mganga Achague Kinga na Nguvu

Pikipiki ya zahanati yetu ilinuka mbuzi kabla haijaenda kwa mgonjwa hata mmoja. Nilikuwa natoka kuchota maji asubuhi, upepo unanijia kutoka upande wa ofisi ya kijiji, nikadhani kuna mtu ameanika ngozi mbichi mahali pasipofaa. Ngozi ilikuwapo kweli, imetandazwa juu ya paa la ofisi. Chini yake, kivulini, ilisimama pikipiki mpya, imepakwa mafuta kuanzia usukani hadi mnyororo, na nzi wa kijani wamelifunika tangi lote. Chini ya kiti palining'inia kifuko cheusi cha ngozi kilichoshonwa kwa uzi mwekundu. Niliweka ndoo chini nikaziba pua. Mpaka leo nikisikia mtu anatamka neno "kinga" kwa sauti ya mkutano, najikuta nanusa kucha zangu.

Nieleze kwa mpangilio, maana jambo lenyewe lilianza kwa mpangilio mzuri.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji, tulipokwisha kuhamishwa kutoka kwenye makazi yetu ya zamani na kupangwa kwa mistari kando ya barabara, magharibi ya Tabora, kwenye njia ile ile waliyopita wapagazi kwenda Ujiji. Mimi nilikuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima. Jioni nilifundisha kusoma na kuandika, na kila Jumamosi niliandika habari za kijiji kwa chaki kwenye ubao uliopigiliwa nje ya duka la ushirika: nani kavuna nini, mkutano lini, kisima kipi kimekauka. Kazi hiyo ilinizoesha kuuliza watu maswali na kukumbuka walivyojibu.

Zahanati ilikuwa na mganga kijana, aliyesomeshwa na serikali, mpole, mwembamba, mwenye tabia ya kufuta miwani kila anapokasirika. Barua zote kutoka wilayani zilimwita mganga. Watu kijijini walimwita daktari, naye alichoka kuwasahihisha. Kazi yake kubwa haikuwa pale kijijini bali porini, kwa warina asali. Wanaume wa kwetu huingia misitu ya miyombo kwa wiki nyingi, wakitundika mizinga ya magome na kuishi kambini pamoja na mbung'o. Mbung'o huleta malale. Mtu akianza kulala mchana na kukesha usiku, huna muda wa kuzungumza.

Mwaka huo mke wa mrina asali mmoja alitoka kambini kwa miguu akaja kukaa kwenye ngazi ya zahanati. Alikuwa mwanamke mrefu wa maneno machache.

"Mume wangu anasinzia na tonge mkononi," alimwambia mganga. "Nikimwamsha ananitazama kama mgeni."

"Anaweza kutembea?"

"Anaanguka."

Mganga alitaka kutuma wanaume na machela siku hiyo hiyo. Mwenyekiti wa kijiji alikataa. Wanaume wako kwenye mashamba ya tumbaku ya kijiji, alisema, na isitoshe pikipiki inakuja. Misheni walikuwa wameahidi pikipiki kwa zahanati, na kweli ilikuwa imeshafika mjini. "Kwa nini tubebe mtu mabegani kama enzi za Mwarabu," alisema, "na mashine ipo?" Mwanamke akaambiwa asubiri, akasubiri.

Mimi na mganga tulikwenda Tabora kuichukua. Aliiendesha polepole hadi dukani kwa mzee mmoja wa Kihindi karibu na soko, muuza vipuri, ambaye alitoka nje na kikombe chake cha chai akaizunguka mara mbili. Kisha akachuchumaa akagonga tumbo la injini kwa kucha.

"Shikamoo mzee," mganga alisema.

"Marahaba. Hii nakwenda wapi?"

"Porini. Kwa warina asali."

"Basi hii kama yai," alisema mzee, bado anagonga. "Nyembamba. Kisiki kimoja tu, mafuta yote chini. Kwenye lami nzuri. Lami iko wapi huko kwenu?"

Tulicheka. Wote tulijua njia za huko. Watu walikuwa wamefyeka miti kwa ajili ya tumbaku, wakaacha visiki vimekatwa kwa mshazari, vimefichwa na majani, vikali kama mikuki.

Mganga alitaka kila kitu: tairi zenye kashata kubwa za kushika tope, vizuizi vya mikono dhidi ya miiba, wavu wa kulinda taa, kibebeo imara cha nyuma cha kumlaza mgonjwa. Macho yake yalikuwa yanang'aa kama ya mtoto sikukuu. Mzee akamkata.

"Baba, wewe si kuoa. Hii si bibi harusi, usimvalishe yote siku moja. Kwanza bamba la chuma chini ya injini. Pili gurudumu la mnyororo la nyuma lenye meno mengi, spidi itapungua lakini itavuta, hata na mtu mzito kwenye mchanga. Kinga moja, nguvu moja. Mengine mwakani."

"Kinga na nguvu," mganga alirudia, akifuta miwani, safari hii kwa furaha.

Mzee alikuwa na bamba lililotoka kwenye pikipiki ya zamani, na gurudumu la meno akalitoa kwenye sanduku la chini ya meza. Hatukuwa na cha kumlipa siku ile. Akasema anapenda asali ya miyombo, ile nyeusi, wala si ile ya dukani. Tumletee madebe, yeye atafunga vyote kwa fundi wake siku hiyo hiyo. Tukakubaliana, tukarudi.

Asali ilikuwapo kwenye ghala ya kijiji. Nusu yake ilikuwa imerinwa na huyo huyo mgonjwa wa malale kabla hajaanza kusinzia. Mke wake aliniambia alilijua debe lake kwa alama aliyoikwaruza mumewe kwa kisu. Lakini asali ya kijiji haitoki bila mkutano, kwa hiyo mkutano ukaitwa.

Mkutano wetu ulikuwa na desturi zake. Kila mwenye nafasi hupendekeza kwanza kinachomfaa yeye. Mjumbe wa ulinzi alitaka honi, kubwa, ya basi, "ili adui asikie tunakuja." Mtu mmoja akauliza adui gani, akaambiwa atulie. Katibu alitaka mahali pa kuchomeka bendera. Mzee wa kamati ya ujenzi alitaka vioo vya pembeni, vyote viwili, na mwavuli.

"Mwavuli kwenye pikipiki?" akauliza mke wake kutoka upande wa wanawake.

"Mvua ikinyesha je?"

"Ikinyesha, baba, mtalowa wote, wewe na akili zako."

Watu wakacheka sana. Mganga akasimama. Alieleza kwa utulivu kama alivyoeleza yule mzee wa mjini: njia zina visiki, injini iko wazi chini, na mgonjwa yuko kambini. Hahitaji honi. Anahitaji kinga na nguvu, basi. Akaketi.

Mwenyekiti alipenda mambo yaishe kwa sentensi moja inayosikika vizuri. Alikuwa mtu mnene, mwenye fimbo nyeusi, aliyejifunza maneno ya mkutano kwenye semina na kuyatumia kama viungo. Akagonga fimbo chini. "Ndugu wananchi. Tumesikia. Azimio ni hili: madebe ya asali yatolewe, mganga achague kinga na nguvu. Kuna anayepinga?"

Hakuna aliyepinga. Nilikwenda nyumbani nimefurahi. Jumamosi ile nililiandika azimio kwenye ubao kama lilivyo, neno kwa neno, kwa herufi kubwa.

Mganga alikwenda wilayani kuchukua dawa za malale, maana pale zahanati hazikuwapo. Aliacha pikipiki kwenye ofisi ya kijiji, na asali chini ya ulinzi wa mwenyekiti, wakiwa wamepatana kwamba akirudi wataondoka pamoja kwenda mjini. Ndipo nilipoamka ile asubuhi na ndoo yangu na kukutana na ile harufu.

Shemeji yake mwenyekiti, kaka wa mke wake, alikuwa mganga wa kienyeji. Aliishi ng'ambo ya mbuga, na watu walimwendea kutoka mbali. Sina ugomvi na dawa za miti. Bibi yangu alinitibu tumbo kwa mizizi hadi nikawa mtu mzima, na bado nipo. Lakini madebe ya asali yalikuwa yamepelekwa kwake, naye akaja usiku na mbuzi wa kijiji aliyetolewa kwenye zizi la ushirika. Pikipiki ilizindikwa: mbuzi akachinjwa mbele ya gurudumu, damu ikapakwa kwenye tairi, mafuta yake yakayeyushwa na kuchanganywa na majivu ya mizizi, yakasuguliwa kwenye injini, usukani, kiti, hata kwenye kibebeo kidogo kilichokuja nayo, ambapo mgonjwa angekalishwa. Hiyo ndiyo ilikuwa kinga. Nguvu ilikuwa unga mweusi ndani ya ile hirizi ya chini ya kiti. Nyama ikaliwa na kamati.

Unga wa nguvu ulibaki kidogo, wazee wakagawana. Yule mke wa mzee wa mwavuli alikutana nami kisimani akitingisha kichwa. "Pikipiki imepewa nguvu, na yangu ya nyumbani imepewa nguvu," alisema. "Mpaka sasa zote mbili zimelala."

Nilicheka naye, kisha nikapita tena mbele ya ofisi nikaacha kucheka. Jua lilikuwa limepanda. Mafuta yalikuwa yanayeyuka na kudondoka chini ya injini, pale pale bamba la chuma lilipopaswa kuwa, na vumbi lilikuwa limenasa juu yake pamoja na manyoya ya mbuzi. Wajumbe wawili walikaa ukutani wakichokonoa meno kwa vijiti. Mke wa mgonjwa alikuwa amesimama upande wa pili wa barabara, amejifunga kanga yake kifuani, anatazama. Mmoja wa wale wajumbe akajamba, akacheka. Nikaingia ofisini.

Nilimkuta mwenyekiti ndani, amekaa, midomo inang'aa.

"Shikamoo mwenyekiti."

"Marahaba, mwalimu. Umeona? Kazi imekwisha."

"Azimio lilisema mganga achague."

"Na mganga amechagua."

"Mganga wa zahanati."

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemwelekeza mtoto njia. "Mwalimu, wewe umesoma. Yule wa zahanati sisi tunamwita nani?"

Nilianza kuona anakokwenda.

"Tunamwita daktari. Muulize mtu yeyote hapa. Mkutano ulisema mganga. Ungetaka daktari, ungesema daktari. Na wewe mwenyewe umeandika kwenye ubao, kwa mkono wako: mganga, kinga, nguvu. Nani mwingine anauza vitu hivyo?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuna aliyekosea. Mwenyekiti alikuwa Mnyamwezi kama mimi. Nyumbani kwake, akizungumza na mke wake, shemeji yake hakumwita mganga hata siku moja. Alimwita mfumu, kama sote tunavyowaita. Neno "mganga" lilikuwa la mkutano na la barua za wilayani, na kwenye mkutano lilikuwa na mwenyewe mmoja tu, yule wa zahanati. Siku alipogonga fimbo yake chini, alijua alichokuwa anasema, na alijua upande gani neno lingeangukia akilisukuma. Nilimwambia hivyo, kwa Kinyamwezi. Akaangalia pembeni, akaita mtu alete maji ya kunawa.

Mganga wetu aliporudi na dawa alisimama mbele ya pikipiki muda mrefu. Alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Kisha akaenda kuchukua majivu na maji ya moto, tukaanza kusugua, mimi, yeye na yule mwanamke. Mafuta ya mbuzi yakipoa hushika kama gundi. Tulikwangua kwa vijiti na magunzi. Harufu iliingia kwenye kucha zangu, na chakula changu kilinuka mbuzi kwa siku kadhaa. Mwanamke alikata uzi wa hirizi kwa kisu cha jikoni akaitupa shimoni, na wala hakunawa baada ya hapo, akaendelea kusugua.

"Tusubiri bamba?" nilimuuliza mganga. "Tunaweza kutafuta asali nyingine."

Alimtazama yule mwanamke. Mawingu yalikuwa yamekaa upande wa mashariki, na mvua za kwanza zikishuka mbuga haipitiki.

"Amengoja vya kutosha," alisema. Akafunga dawa kwenye kibebeo na kuondoka kukipambazuka, mwanamke nyuma yake.

Yaliyofuata niliyapata kwake mwenyewe na kwa mwanamke, kila mmoja kwa wakati wake, na hayakutofautiana. Walivuka mbuga salama. Walipoingia kwenye mashamba mapya ya tumbaku, kabla ya miyombo, pikipiki ikapanda kitu kilichofichwa na majani. Kilio cha chuma, wakaanguka upande. Mganga alichubuka kiwiko. Mwanamke hakuumia. Walipoinua pikipiki, mafuta ya injini yalikuwa yanamwagika meusi kwenye majani, na tumbo la injini limepasuka kama yule mzee wa mjini alivyosema, kama yai. Kisiki chenyewe kilikuwa na unene wa mkono wa mtu.

Walitembea. Kambini walimkuta mgonjwa amelala kando ya moto uliozimika, mikono yake imejaa asali na mchwa. Mganga alimpa dawa ya mwanzo akasema lazima afike hospitali mjini. Warina asali wenzake hawakuitisha mkutano. Walikata miti miwili, wakafunga magome, wakamlaza. Wakambeba kwa zamu, wanne wanne, wakipita kwenye visiki kwa miguu ambayo ilijua pa kukanyaga, wakaipita pikipiki iliyolala kwenye majani bila kuigusa, wakatokea kwenye barabara ya zamani na kwenda nayo hadi Tabora. Nilisimama kando walipopita kijijini. Mabega yao yalikuwa yamevimba. Kamati ilikuwa imekaa kivulini. Mmoja akawapungia mkono.

Mgonjwa hakufa. Daktari wa hospitali alimwambia mke wake kwamba wangewahi kidogo, angepona kabisa. Alirudi nyumbani amekonda, anajua jina lake na jina la mama yake, hajui majina ya watoto wake. Mchana analala. Usiku anakaa mlangoni anazungumza na mizinga yake ambayo haipo.

Pikipiki ilivutwa na ng'ombe hadi mjini, na asali ikapatikana sasa, haraka, bila mkutano, kwa sababu mkuu fulani alikuwa anakuja kutembelea kijiji. Ikarudi na injini iliyochomelewa na bamba la chuma chini yake. Yule mzee wa Kihindi alilifunga mwenyewe. Nasikia alitikisa kichwa tu.

Katika mkutano uliofuata mwenyekiti alizungumza juu ya mafanikio. Alikuwa amekalia ile ngozi ya mbuzi, imekwisha kulainishwa vizuri, imetandikwa kwenye kiti chake. "Baadhi ya watu walipiga kelele," alisema, bila kunitazama. "Lakini tujiulize. Pikipiki ilianguka kwenye kisiki, watu wawili juu yake. Nani aliumia? Hakuna. Kilichovunjika ni chuma tu. Kinga ilifanya kazi."

Baadhi ya watu walipiga makofi. Nilihisi ile harufu imerudi, nikadhani ni akili yangu, kumbe ilikuwa inatoka kwenye ngozi yenyewe, jua lilipoipata.

Mke wa mrina asali akasimama kutoka upande wa wanawake. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia kwenye mkutano. Hakupaza sauti.

"Ndugu mwenyekiti, mbuzi alikuwa wa kijiji?"

"Wa kijiji, ndiyo, mama."

"Na ngozi ni ya kijiji?"

"Ni ya… ndiyo."

"Mume wangu analala chini mchana kutwa. Sakafu ina baridi. Nipe hiyo ngozi. Kama ina kinga, imkinge na sakafu."

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti aliangalia kamati yake, na kamati ikaangalia miguu yake. Mke wa mzee wa mwavuli akasema kwa sauti ya kawaida, "Inuka basi, baba." Mtu mwingine akarudia: inuka. Akainuka. Alipata shida kidogo, kwa sababu ya tumbo, na fimbo ilianguka. Mwanamke akaenda mbele, akaivuta ngozi kwenye kiti, akaikung'uta mara moja mbele ya watu wote, manyoya yakaruka, akaikunja na kuiweka kwapani. Kisha akaondoka kwenda nyumbani, maana ilikuwa karibu adhuhuri na mumewe angekuwa amelala.

Mwenyekiti alikaa kwenye mbao tupu akaendelea na ajenda ya kisima.

Jumamosi nilifuta ubao wote kwa kitambaa chenye maji. Niliandika: Pikipiki imefungwa bamba la chuma. Halafu nikaandika: Anayetaka kumwita mganga aseme ni yupi. Mwenyekiti alipita, akasoma, akasimama. Aliniuliza kama hilo ni habari.

"Ni azimio," nilisema. "Kuna anayepinga?"

Aliondoka. Lakini sikuifurahia ile jioni, wala sikuifurahia nyingine. Nilipokuwa narudi kutoka darasani na taa yangu, nilipita nyumbani kwa yule mwanamke, nikamkuta mumewe amekaa mlangoni juu ya ngozi, macho wazi, anahesabu mizinga kwa vidole. Nikamsalimia. Akanitazama kama mgeni, akaniuliza kama nimekuja kununua asali.